Mapambo ya Idi Yatokayo Jikoni

 

Nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo huenda mtu akaliona dogo, nalo ni mapambo tuyatundikayo majumbani na vyuoni mwetu zinapofika siku za furaha, kama Idi, khitma ya mtoto, au arusi. Mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani, na ukiondoa elimu ya chuoni sina ila ya shule ya msingi. Kwa hiyo sisemi kwa utaalamu, bali nasema niliyoyaona na kuyafanya kwa mikono yangu, pamoja na watu wa nyumbani kwangu na watoto ninaowasomesha.

Kujipamba si haramu. Sura ya Al-Aaraf, katika aya ya 31, yatuamrisha tuchukue pambo letu wakati wa ibada, na papo hapo yatukataza kupita kiasi. Amri na katazo zimewekwa katika aya moja, ili mtu asishike upande mmoja akauacha wa pili. Lakini tazameni hali yetu ya leo. Twanunua mapulizo, maua ya plastiki na karatasi za nailoni zing'arazo. Zakaa ukutani siku tatu, kisha zatupwa jaani, upepo wazipeleka mtaroni, na mvua ya masika yazipeleka baharini. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea vitu tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Mifuko imepungua, lakini mapambo yaliyo ndugu yake twaendelea kuyanunua kwa fedha zetu wenyewe.

Khabari iliyonifanya niandike ni hii. Mwaka mmoja, Idi ilipokaribia, wazee wa watoto wa chuo chetu walikubaliana kwamba kila mtoto alete shilingi 3,000 za mapambo. Kwa mwenye mtoto mmoja huenda si nyingi. Lakini yuko mama mmoja mjane, auzaye vitumbua asubuhi, naye ana watoto wanne chuoni, hesabuni wenyewe. Watoto wale hawakuonekana kwa siku nane. Nilipokutana na binti yake mkubwa njiani nikamwuliza sababu, alijibu kwa adabu, "Mama amesema tungoje mpaka mambo ya mapambo yaishe, Mwalimu."

Neno hili lilinichoma. Watoto wanne wamekoseshwa siku nane za Kurani kwa ajili ya mapulizo! Niliwaita wazee baada ya sala ya alasiri, nikawaeleza, nao, Mungu awajazi kheri, wakauvunja mchango ule siku ile ile. Tukakubaliana kwamba kila mtoto alete kitu kitokacho jikoni kwao, na chuo tukipambe kwa hivyo.

Kabla hatujaanza kazi, alinijia bibi mmoja mtu mzima ambaye wajukuu zake wawili wasoma kwangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, kisha akaniambia, "Mwanangu, nimesikia watoto watakanda unga na chumvi wafanye nyota za kutundika. Si wewe uliyewafundisha kwamba tonge likianguka liokotwe, lipanguswe, liliwe?" Nikamwambia kwamba unga wenyewe umeingia fukusi, mwenye duka ametupa bure. Akasema, "Unga wa fukusi kuku wala. Ukishautia chumvi, hata kuku haumfai."

Wasomaji wangu, bibi huyu hakusoma vitabu, lakini alisema kweli tupu. Chumvi nyingi humdhuru kuku, paka, na hata mtoto mdogo. Wala unga ule hufai kumwagwa shambani baadaye, kwa kuwa chumvi huunguza mimea. Basi tukauliza: kama twakimbia israfu ya dukani, je, tuilete israfu jikoni? Tukaweka kanuni moja, nayo ndiyo moyo wa maneno yangu: kiliwacho na watu kiliwe na watu, kiliwacho na kuku kipewe kuku, pambo litokane na kilichobaki baada ya hao wawili. Unga wa chumvi tukaufanya mara moja tu, kwa kadiri ndogo, uwe ukumbusho kwa watoto.

Na wapenzi wasomaji, kilichobaki ni kingi kuliko mtu anavyodhani.

Kwanza ni maganda makavu ya vitunguu. Tuliyajaza sufuria kuukuu, tukatia maji yafunike, tukachemsha kwa muda wa saa moja, kisha tukatia kipande kidogo cha shabu ili rangi ishike. Tukachovya ukindu na vitambaa vya pamba vilivyochakaa, vikatoka vyekundu vya udongo na rangi ya dhahabu. Manjano ya mchuzi nayo, kijiko kimoja katika maji ya moto, hutoa rangi ya kung'aa. Mtoto akichovya kijiti katika maji ya majivu akaandika juu ya kitambaa kile, mahali palipoandikwa hugeuka pekundu mbele ya macho yake. Watoto walipiga takbira kwa mastaajabu! Ila jueni kwamba rangi ya manjano hufifia upesi juani, itundikeni ndani.

Pili ni vifuu vya nazi. Baada ya nazi kukunwa, kifuu hupigwa msasa mpaka kikawa laini, hutobolewa matundu kwa msumari, hupakwa mafuta kidogo, kikawa bakuli la ubani au kifuniko cha taa.

Tatu ni gundi. Kijiko kimoja cha unga kwa vijiko vinne au vitano vya maji, ukakoroge motoni mpaka uwe uji mzito. Ukitia tone la mafuta ya karafuu hauozi upesi. Kwa gundi hiyo tuliunganisha karatasi za madaftari yaliyokwisha, zikawa minyororo na miezi miandamo. Karatasi zenye maandishi ya Kurani tuliziweka kando kwa heshima yake.

Nne ni chungwa na karafuu. Chungwa moja huchomwa karafuu kavu kote kote, likaachwa mahali pakavu penye hewa wiki mbili au tatu. Hunyauka likawa gumu, na hunukia kwa miezi. Huko Maluku, nchi ya asili ya mkarafuu, watu huunda majahazi madogo kwa karafuu tupu. Sisi wa pwani hii, ambao karafuu twaijua tangu babu zetu, twashindwaje na chungwa moja?

Kwa wale watakao unga wa chumvi, kipimo ni vikombe viwili vya unga, kimoja cha chumvi, na maji kiasi cha kimoja, ukatiwa kidogo kidogo. Ukande kwa dakika kumi, uusukume kama chapati nene, ukate, utoboe tundu la uzi, uanike juani siku tatu au nne. Sisi tulipata nyota 43. Zifungeni katika kopo, maana wakati wa masika hunywa unyevu zikalainika.

Tulijihadhari pia na sanamu za viumbe wenye roho. Ibn Abbas (r.a.) alimnasihi mchoraji mmoja kwamba, kama hana budi, achore miti na visivyo na roho. Basi tulifanya majani, maua, nyota na miezi. Na Bibi Aisha (r.a.), pazia lake lenye picha lilipochukiza, hakulitupa, bali alilikata akafanya mito ya kuegemea. Hilo ni somo la utumiaji kwa kila mama mwenye nyumba.

Siku ya Idi wale watoto wanne walikuwapo. Na minyororo mirefu kupita yote ilikuwa yao, kwa sababu mama yao auzaye vitumbua alikuwa na karatasi za kufungia nyingi kuliko sisi sote.

Enyi wazazi, na nyinyi vijana wetu, kabla ya kwenda dukani ingieni jikoni kwanza. Pambo la Muislamu lisimwibie maskini mahali pake katika furaha, wala lisiwaachie jirani taka. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kushika wastani. Amin.