Nusu ya Kushoto

Padi yetu ya pili ya gemu ilikuwa imeharibika na fundi akawa anatupiga kalenda. Ndiyo maana mimi na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, tuliicheza Brothers: A Tale of Two Sons kwa padi moja. Gemu hiyo imeundwa kwa mchezaji mmoja. Analogi ya kushoto inamwendesha kaka mkubwa, ya kulia inamwendesha mdogo wake, na kila mmoja ana kitufe kimoja tu cha nyuma cha kushikia, kuvutia na kubebea vitu. Mtu peke yake huchanganyikiwa, mikono ikagombana. Sisi tuligawana: nikashika nusu ya kushoto, yeye akashika ya kulia, tumebanana mkekani.

Baba wa ndugu hao wa kwenye gemu ni mgonjwa mahututi, nao wametumwa maji ya Mti wa Uhai. Mama alizama baharini mbele ya yule mdogo, mkono wake ukamponyoka, na tangu siku hiyo mtoto haingii majini. Kila wakifika mtoni inabidi ajishikize mgongoni kwa kaka yake ndipo wavuke. Nilikuwa naogelea mimi, mdogo wangu akiwa amekibana kitufe chake asiachie.

Hakuna neno hata moja la kusoma wala kuelewa katika mazungumzo yao, maana wahusika wanasema lugha ya kubuni. Kwenye gemu nyingine mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, naye akinilaumu kwamba namficha mambo. Hapa tulikuwa sawa. Mara nyingine alinitangulia kuelewa, hasa utundu wa yule mdogo, ambaye wakati kaka yake anauliza njia kwa adabu, yeye anatema mate kisimani. Mdogo wangu alimfanya ateme mate mpaka nikamkemea.

Aliyeiongoza kazi hiyo, iliyotoka mwaka 2013, ni Josef Fares, mtengeneza filamu mzaliwa wa Beirut aliyehamia Sweden utotoni, Lebanon ikiwa vitani. Baadaye alitengeneza It Takes Two, ambayo haichezeki kabisa bila watu wawili. Nilipolisoma hilo miaka mingi baadaye nilicheka peke yangu.

Safari inazidi kuwa nzito kadiri inavyosonga. Wanapita katika uwanja wa vita vya majitu, mto umegeuka damu, na maiti zimelala kama vilima. Kisha wanamwokoa msichana, kaka anampenda, mdogo hamwamini. Msichana anageuka buibui. Kabla hajafa anamchoma kaka, na kaka anakata roho chini ya ule mti walioufuata njia nzima.

Kidole changu kiliendelea kusukuma analogi, lakini hapakuwa na kilichosogea. Halafu gemu ikadai maziko, na kazi yote ilikuwa ya upande wa kulia: kumburuta marehemu mpaka kaburini, kisha kumfukia kwa udongo. Mdogo wangu aliifanya kimyakimya. Mimi nilikuwa bado nimeshika nusu yangu, kwa sababu sikujua niuweke wapi mkono.

Karibu na nyumbani maji yakaziba njia. Mtoto akifika ukingoni anarudi nyuma kwa woga. Mdogo wangu akabonyeza kitufe chake, akabonyeza tena, akanitazama. Sikuwa na jibu. Ndipo alipopitisha mkono wake juu ya wangu, akabonyeza upande wa kushoto, kitufe cha kaka. Mtoto akajitosa, akaogelea.

Nimeona filamu nyingi za kuliza, na nyingine zimeniliza kweli. Lakini filamu haijawahi kuniondolea kazi mkononi na kumpa mtu mwingine.

Mwishoni baba amepona, naye anaangua kilio makaburini. Nilidhani mdogo wangu atazima. Akaniuliza, "Kaka, tukianza upya, yule dada hatuwezi kumwacha?"

Nikamwambia tujaribu. Gemu yenyewe ni fupi, ya saa tatu hivi, kwa hiyo kesho yake tulifika tena mahali msichana alipofungwa. Akatoa kidole kwenye kitufe, akakunja mikono. Niliwaacha wale ndugu wawili wamesimama tu, na gemu haikutafuta njia nyingine, iliwasubiri. Mama mdogo akaita tukale.