Gumegume la Babu

Bunduki ya gumegume niliyorithi kwa babu ililetwa Buganda na msafara wa pwani, kabla ya reli. Mwaka jana vijana wa hapa Bukoto waliomba ipigwe baruti tupu, bila risasi, katika sherehe yao ya mila, nao wakapata kibali.

Jirani mmoja mzee, aliyewahi kuwinda kwa gobori, alikuja kuikagua. Alitumbukiza mdeki mtutuni hadi ukakwama, akautia alama ya mkaa penye mdomo, kisha akaulaza nje ya mtutu. Ncha haikufikia tundu lipitishalo moto; ilipungukiwa na upana wa vidole vinne.

“Nyabo,” akasema, “hii imeshindiliwa.”

Mwili ukanifa ganzi. Wanangu walizoea kuifyatua ili waone cheche za jiwe! Kumbe baruti nyeusi, ikiwa kavu, haizeeki. Na babu alifariki mwaka 1951. Alimshindilia nani? Chui, labda.

Tulijaza maji mtutuni. Asubuhi mzee akachokoa risasi ya mviringo, imezibwa kwa kipande cha lubugo.

Sikuruhusu ipigwe, ngoma zilitosha. Ingali ukutani, ila jiwe nimeling’oa, limo katika mkebe wangu wa vifungo.