Kilosa, Mikumi, na Eropleni ya Kutua Majini

Mji wa Kilosa u kando ya mto Mkondoa, chini ya milima ya Usagara. Upande wa machweo milima imesimama kama ukuta. Upande wa macheo nchi hushuka na kuwa tambarare, na huko ndiko iliko mbuga ya Mkata. Reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, yapita hapa, nayo ikitoka Kilosa kwenda bara hulifuata bonde la mto huo huo. Hiyo ndiyo neema ya Kilosa, na ndiyo taabu yake pia, kwani bonde lililowapa wajenzi njia ya kupenya milima ndilo linaloleta maji. Mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 Mkondoa ulilivunja tuta lake, ukaingia mjini, ukabomoa nyumba, ukakata reli, na watu maelfu wakahama makwao wakakaa katika mahema. Kwa hiyo watu wa Kilosa wakinena habari za maji, hayo si maneno ya kupitisha wakati.

Tulipokuwa huko mwalimu mmoja alitupa swali aliloulizwa na watoto wake wa shule. Walisema: "Kama maji yamefunika njia, kwa nini isiletwe eropleni ndogo iliyofungwa mitumbwi badala ya magurudumu, itue juu ya maji yale yale, ilete dawa na kuchukua wagonjwa?" Swali ni jema, tena limetoka katika moyo wa huruma. Haifai kulijibu kwa kicheko. Twataka kulijibu hapa kwa kufuata njia ya kwenda Mikumi, maana nchi yenyewe hutoa nusu ya jibu, na historia ya Tanganyika hutoa nusu ya pili.

Njia hiyo huelekea kusini. Milima hukaa mkono wa kuume, na mkono wa kushoto nchi ni ya mashamba na vichaka. Katikati ya safari twafika mahali paitwapo Ulaya. Msomaji asishangae: Ulaya hii haina theluji wala bahari ya kuvuka, nasi tumeifikia bila hati ya safari. Kisha twaendelea mpaka Mikumi, penye barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa na Zambia. Jina la Mikumi latokana na miti ya jamii ya mitende, mirefu, yenye shina lililovimba katikati. Tangu mwaka 1964 mbuga iliyo karibu ni hifadhi ya taifa, na barabara kuu yapita ndani yake, hata abiria wa basi huweza kuwaona tembo na twiga bila kushuka.

Masika yakiwa makubwa, sehemu za mbuga ya Mkata hugeuka kuwa maji. Mtu akitazama kwa mbali atasema, "Hapa eropleni ya majini ingetua vizuri." Lakini na aingie ndani kwa miguu. Mahali pengi maji humfikia magotini tu, na chini yake mna nyasi ndefu, visiki na vichuguu. Penye kina huenda pakawa na viboko, ambao hawapendi mgeni. Na Mkondoa wenyewe ukifurika hubeba magogo na miti mizima kwa mbio kubwa. Eropleni ya majini yahitaji maji yenye kina, marefu, yaliyonyoka, yasiyo na kitu kilichofichwa. Si kila penye maji pana bandari.

Haya ndiyo ya maji. Sasa na tuitazame eropleni yenyewe.

Tuchukue mfano wa Piper Cub ya Marekani, eropleni ya rangi ya manjano yenye viti viwili, iliyotengenezwa kwa wingi toka mwaka 1938 mpaka 1947, na hata leo ziko zinazoruka. Injini yake ina nguvu za farasi 65. Ikiwa na magurudumu, uzito wake wote pamoja na watu na mafuta usizidi ratli 1,220, ndizo kilo 553 hivi. Mtu akitaka kuitua majini huyaondoa magurudumu, akafunga maboya mawili marefu yafananayo na mitumbwi iliyofunikwa juu. Kampuni ya EDO ya New York ilifanya maboya ya namna hiyo. Yale yaitwayo 1320 yamepata jina kwa sababu kila moja laweza kubeba ratli 1,320 kabla ya kuzama. Kwa nini makubwa hivyo? Sheria ya Marekani yataka kila boya liweze kubeba fungu lake la uzito na kuzidi kwa sehemu 80 katika kila 100. Tena ndani yake hugawanywa vyumba visivyopitisha maji, ili kimoja kikitoboka vingine viendelee kuelea. Nusu ya ratli 1,220 ni 610. Ongeza sehemu 80 katika mia, utapata 1,098. Basi boya la 1,320 latosha.

Lakini kazi haijakwisha. Maboya hufungwa kwa nguzo na waya, nayo lazima yawe sambamba na yawe na mwinamo uliopimwa. Yakikosewa kidogo eropleni haitakwenda sawa majini. Kwa kuwa maboya hutokeza mbele na kushikwa na upepo, mara nyingi hapana budi kuongeza pezi mkiani ili kichwa kisipotoke. Nyuma ya maboya hutiwa usukani mdogo wa majini. Panga la injini hubadilishwa, likatiwa lenye mwinamo mdogo zaidi, ili injini izunguke upesi wakati wa kuinuka. Kila asubuhi rubani huvuta kwa bomba maji yaliyopenya usiku. Na vyote hivi vina uzito. Maboya na vyuma vyake ni mazito kuliko magurudumu, na kila ratli iliyoongezwa huko hupunguza mzigo ambao eropleni ingeuchukua. Kwa hiyo eropleni ya viti viwili huenda ikawa eropleni ya mtu mmoja, na mgonjwa akabaki ukingoni.

Jambo gumu kuliko yote ni kubanduka majini. Walimu waweza kuwaonyesha watoto kwa kitu chepesi. Chukueni kibao laini, mkilaze juu ya maji katika karai, kisha mkijaribu kukiinua kwa mara moja. Mtaona maji yamekishika kana kwamba hayataki kukiacha. Mkikiinua upande mmoja kwanza, hubanduka upesi. Ndivyo maji yashikavyo boya. Kwa sababu hiyo tumbo la boya halinyoshwi toka mwanzo hata mwisho, bali hukatwa kidato katikati, ili hewa iingie na maji yaachie. Eropleni kwanza hulima maji kama jembe, kisha hupanda juu yake na kuteleza, na mwishowe huruka. Injini dhaifu huweza kulima maji muda mrefu isifike kamwe kuteleza. Na maji yaliyotulia kama kioo hushika zaidi kuliko yenye viwimbi. Ndiyo maana marubani wengine huzunguka kwanza wayatibue, au huinua boya moja kabla ya jingine.

Ongeza na joto. Kilosa iko juu ya bahari kwa kadiri ya futi 1,600. Mchana wa joto wa digrii 32, hewa ya hapo hupanuka ikawa nyepesi kama ile iliyo kwenye kimo cha futi 4,000 siku ya hali ya wastani. Hewa nyepesi huishika bawa kidogo, hulishika panga kidogo, na kuilisha injini kidogo. Injini ya farasi 65 hupungua, ikafanya kazi ya farasi 57 hivi. Wale farasi wanane waliopotea ndio pengine waliohitajiwa kulibandua boya.

Mtu asidhani haya ni hesabu za kitabuni tu. Ukitoka Mikumi kwenda Kidatu utaukuta mto Ruaha Mkuu, ambao maji yake huingia Rufiji, na kwenye mdomo wa Rufiji jambo hili lilijaribiwa vitani. Mwishoni mwa 1914 manowari ya Wadachi iitwayo Königsberg ilijificha ndani ya mikono ya mto huo, na Waingereza hawakuweza kuiona toka baharini. Rubani Cutler aliletwa na eropleni aina ya Curtiss, yenye tumbo la mashua, akaruka toka kisiwa cha Niororo karibu na Mafia, akaiona manowari. Lakini mwezi wa Desemba aliteremka mtoni akatekwa. Februari 1915 zikaja Sopwith mbili zenye maboya, kila moja ya nguvu za farasi 100. Joto la pwani likazishinda. Alipopanda mtazamaji pamoja na rubani, eropleni haikuweza kuinuka, na gundi iliyoshika mbao zake ikalegea. Aprili zikaja Short tatu toka Bombay. Hizo zilipata kupiga picha za manowari, lakini hazikupanda juu vya kutosha, hata askari waliokuwa chini waliweza kuzilenga.

Basi wakafanya nini? Waliacha kuyategemea maji. Katika kisiwa cha Mafia walifyeka kiwanja, na mwezi wa Juni zikaletwa eropleni za magurudumu, Caudron na Henri Farman. Tarehe 11 Julai 1915 eropleni hizo ziliongoza mizinga ya merikebu Severn na Mersey toka angani, na Königsberg ikaangamia. Marubani walikuwa hodari tangu mwanzo. Kilichobadilika ni mzigo waliobebeshwa injini zao.

Hata hivyo si haki kusema maboya hayafai Afrika. Mwaka 1916 Wabelgiji walizichukua eropleni nne za Short mpaka ziwa Tanganyika, kwa merikebu, kwa reli na kwa mito ya Kongo. Ziwa hilo liko juu kuliko Kilosa, nazo ziliruka, zikatupa mabomu Kigoma. Lakini injini zao zilikuwa za nguvu za farasi 150, na ziliruka toka maji yaliyokingwa na mawimbi, huko Tongwe. Tena tangu mwaka 1937 merikebu kubwa za hewani za Imperial Airways zilitua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Kila moja ilikuwa na injini nne, na kila injini nguvu za farasi zaidi ya 900. Penye maji mapana na injini yenye nguvu, maboya ni baraka. Penye maji mafupi, joto kali na injini ndogo, maboya ni mzigo kabla hayajawa msaada.

Sasa tuwajibu watoto wa Kilosa. Wakati wa gharika eropleni ndogo yenye maboya ingeweza kufika toka mbali na kuzunguka juu yenu, lakini isipate mahali salama pa kutua. Na kama ikitua, huenda isiondoke na mgonjwa ndani yake. Siku hizi iko helikopta, isiyohitaji kukimbia kabla ya kuruka. Na penye maji ya magoti, mtumbwi wenye mpiga kafi aujuaye mto ni chombo bora kuliko vyote, tena hauhitaji petroli. Eropleni ya magurudumu nayo yafaa, mradi kiwanja kimetunzwa mahali pa juu kabla ya mvua.

Lakini msaada mkubwa kuliko yote hauruki. Ni tuta la Mkondoa likiangaliwa wakati wa kiangazi, mifereji ikizibuliwa, na nyumba zisijengwe pale mto ulipozoea kupita. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na Kilosa imekwisha kuulipia ukuta huo. Enyi walimu, msiwazuie watoto kuuliza habari za eropleni. Wapeni karai, kibao na hesabu, wapime wenyewe. Kisha watembezeni mpaka kwenye tuta, wakaone ni wapi pamepasuka.