Mfuko wa kambi si mzigo wa kukimbia

Vakansi kubwa zinakaribia, na kambi za wanafunzi pamoja nazo. Kwa sisi walimu hiyo ni wiki ya hesabu: watoto wangapi, hema ngapi, masufuria mangapi. Kwenu ninyi ni wiki ya mfuko. Ndiyo maana ninawaandikia sasa, kabla hamjaenda sokoni.

Asubuhi ya kuondoka watoto wanakusanyika Nyawera, na mimi ninatazama mizigo kabla ya kutazama sura. Valizi mpya ya magurudumu ambayo itaburutwa juu ya mawe. Godoro la sponji lililofungwa kwa kamba, refu kuliko mwenyewe. Masufuria matatu. Mwaka mmoja mama alitia ndani ya mfuko wa binti yake cheti cha kuzaliwa, bultini za miaka mitatu na picha ya marehemu baba yake. Nikamwambia: "Mama, tunakaa siku tano tu." Akanijibu: "Mwalimu, wewe unajua kama njia itabaki wazi?"

Alikuwa na sababu. Wamama wa Bukavu tunajua kufunga mzigo, na tulijifunzia mahali pabaya. Hapo hapo Nyawera ndipo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996, na siku zile watu walitoka mjini na nyumba nzima kichwani. Juni 2004 tukafunga tena. Anayefunga mzigo wa kukimbia anajiuliza: nikikosa kurudi, nitaishi kwa nini? Basi anatia sufuria, karatasi, kikwembe cha arusi, unga. Ni swali la haki. Lakini mtoto wa kambi ana swali lingine kabisa: leo usiku nitalalaje, na kesho nitapanda kilima na nini mgongoni? Tukimfungia mzigo wa kwanza kwa safari ya pili, anabeba woga wetu, na ni mzito.

Karatasi zibaki nyumbani, wamama. Mfukoni mwa kaputula au sketi tia kipande kimoja tu cha karatasi ndani ya sashe: jina la mtoto, majina ya wazazi, namba mbili za simu, mtaa. Hicho kinatosha.

Sasa niwaambie mahali tunapokwenda, kwa sababu mfuko unafuata mahali. Lwiro iko Kabare, unapita Mudaka, Miti, kisha Kavumu, ndipo unaacha njia kubwa na kupanda upande wa milima. Wabelgiji walijenga pale makao ya IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1947. Leo tunaiita CRSN. Ni majumba makubwa yenye bustani katikati ya mashamba ya wakulima, na mtu anayefika mara ya kwanza anauliza nani aliyaweka huko. Tangu 2002 kuna pia kituo kinacholea sokwe na nyani yatima, walionyang'anywa wawindaji na wachuuzi wa wanyama. Sokwe peke yao wamepita mia. Mtoto wa Kadutu, ambaye ukuta wa nyumba yao unagusa ukuta wa jirani, anaona majani mapana na kuuliza kama ni ruhusa kukimbia juu yake. Kwa swali hilo peke yake, mimi ninaona kambi inalipa franka zake.

Sokwe wanaambukizwa mafua na kikohozi kutoka kwetu, na kwao kinaweza kuwa kifo. Kwa hiyo leso mbili si urembo, na mtoto anayekohoa asifiche. Atabaki mbali na uzio siku hiyo, lakini hatarudishwa nyumbani.

Jambo ambalo wazazi wengi hawaliamini ni baridi. Mnasema, ni kiangazi, jua linawaka. Mchana, ndiyo. Lakini usiku wa kiangazi hauna mawingu, na ardhi isiyofunikwa na mawingu inapoteza joto lake haraka. Sisi wa mjini tunakaa kandokando ya ziwa, na ziwa linatunza joto kama sufuria iliyoepuliwa. Kule tuko chini ya Kahuzi, mlima wa mita 3,308, na upepo wake unashuka saa tisa za usiku bila kubisha hodi. Tena baridi ya hema haitoki juu, inatoka chini. Nimeona watoto waliojifunika mablanketi mawili wakitetemeka, na wa blanketi moja wakilala usingizi, kwa sababu huyu wa moja alikuwa na mkeka, na chini ya mkeka gunia lililojaa majani makavu ya migomba. Majani tunayapata kule kule. Gunia tupu halina uzito, tieni hilo badala ya godoro.

Kwa nguo, msinunue mpya. Pulova nzuri ya sufu inapatikana katika mabalo, na bei ya Nyawera si bei ya Kadutu, mnajua wenyewe, kwa hiyo pandeni Kadutu. Pulova moja nene, suruali mbili, vikwembe viwili hata kwa mvulana (kikwembe ni shuka, taulo, pazia, mfuko na kamba, sijui nani alisema ni vazi la wanawake tu), soksi jozi tatu. Jozi moja ni ya kulalia, haiguswi mchana. Jini ikiloa haikauki hata siku mbili, iache. Viatu vilivyofungwa, vile vilivyozoea mguu, kwa ajili ya mawe na funza, na sandali za kuogea. Viatu vipya vinatoa malengelenge kabla ya kufika mtoni. Kila nguo iingie katika sashe, maana vumbi la njia ya Kavumu linapita hata katika zipu. Chandarua na kamba yake. Torshi. Sahani, kopo, kijiko. Sabuni, mswaki. Bidoni ya lita moja ya maji yaliyochemshwa.

Simu ibaki. Mtaipigia namba yangu.

Mfuko afunge mtoto mwenyewe. Ninyi mkae kando, mtazame, mdomo umefungwa kama mnaweza. Mtoto aliyefungiwa na mama hajui torshi iko wapi, anamwaga vyote gizani na kuamsha hema nzima. Akimaliza, mtume apande na mfuko huo kutoka sokoni Nyawera hadi nyumbani. Akisimama kupumzika mara tatu, atoe kitu. Achague yeye cha kutoa.

Kuna kitu kimoja ambacho sikitaki kabisa: mbabula ndani ya hema. Kila mwaka kuna mzazi anayenishauri tuwawashie watoto makala kidogo kwa sababu ya baridi. Makala yanayowaka mahali pamefungwa yanatoa hewa isiyo na harufu wala rangi, na mtu anayeivuta analala na haamki. Ni vilevile katika chumba chenu nyumbani, siku za mvua.

Yanayofuata hayaonekani ndani ya mfuko, na ndiyo yanayowabakiza watoto nyumbani. Najua wasichana waliosema hawapendi kambi, kumbe siku zao zilikuwa karibu na walikuwa na kitambaa kimoja tu. Mtieni binti vitambaa vya kutosha, vya kununua au vya kushona, na sashe nyeusi, na sabuni yake peke yake, hata kama hajaanza. Wengine wanaanzia huko huko. Najua mvulana wa miaka kumi na tatu ambaye bado anakojoa kitandani, na mama yake alituma barua kwamba ana homa. Mama, nyumba ngapi zina jambo hilo! Nieleze mimi au mwalimu mwenzangu, faraghani. Tutamlaza karibu na mlango, juu ya plastiki, tutamwamsha saa sita, na kikwembe chake kitafuliwa kabla wengine hawajaamka. Mwenye pumu aje na dawa yake, na sisi tujue inakaa mfuko gani. Mwenye SS baridi na kiu vinamwamshia maumivu, basi yeye pulova ni mbili, maji ni mara mbili, na tutamwondoa katika kuoga mtoni asubuhi. Anaweza kwenda. Tunachohitaji ni kuambiwa.

Kwa chakula, kila mtoto analeta kilo ya unga na kopo moja la maharagi, vinaingia katika sufuria moja. Kuku wa kukaanga wa mama ni mtamu siku ya kwanza, siku ya pili ni ugonjwa. Tieni sambaza wakavu na karanga. Samaki hao waliletwa ziwani kwetu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na watoto hawaamini kwamba bibi zao walizaliwa kabla ya sambaza.

Na blanketi? Najua nyumba ambazo blanketi ni moja na wanaolala chini yake ni wanne. Nilizungumza na wamama wa muso yetu: ambaye mtoto wake haendi mwaka huu anaazima blanketi lake kwa siku tano, jina limeshonwa kwa uzi mwekundu pembeni, na linarudi limefuliwa. Mpaka leo tunayo kumi na moja. Bado tunatafuta tisa.

Njia ikifungwa, kambi itapigwa ndani ya uzio wa parokia, mfuko ni uleule. Siku mbili kabla ya kuondoka watoto waje masomoni na mifuko, saa nane. Ya wasichana itafunguliwa na walimu wanawake, mlango umefungwa.