Mzigo Unaopita Bila Kushuka

Kwenye hati ya shehena, ile ambayo sisi wa klaringi huiita BL, kuna kisanduku kidogo kinachoonyesha mahali mzigo utakapokabidhiwa kwa mwenyewe. Nilipoingia kazi hii nilikuwa nakipita bila kukitazama. Macho yangu yalikuwa kwenye namba ya kontena, sili, uzito na maelezo ya bidhaa, kwa sababu hapo ndipo afisa wa ushuru angekubana. Kisanduku kile kilisema Mombasa, basi. Kuanzia mwaka 2018 kikaanza kusema Embakasi, kule Nairobi, na hapo ndipo nilipojua kwamba riziki ya mji wangu ilikuwa imeandikwa humo siku zote.

Nieleze kazi yenyewe, maana wengi huona tai na faili wakadhani ni ukarani tu. Mzigo ukiteremshwa Kilindini na hati inasema Mombasa, karani wa klaringi anaingiza taarifa kwenye mfumo wa forodha, anakokotoa ushuru, mwenye mzigo analipa. Ranna wetu anakimbia kwa wakala wa meli kuchukua idhini ya kutoa kontena. Kontena linahamishiwa kwenye yadi, mojawapo ya zile zilizotapakaa Changamwe, Mikindani na Miritini. Afisa anakuja, sili inakatwa, vibarua wanashusha katoni zihesabiwe, wanazirudisha ndani. Lori linaitwa. Dereva na taniboi wake wamelala chini ya trela tangu juzi. Wamekula kwa mama wa mahamri, wameziba pancha kwa fundi wa kando ya barabara, wamenunua kadi za simu. Kontena moja la futi 20 likipita njia hiyo linaacha kitu katika mikono mingi kabla halijafika Mariakani.

Hati ikisema Embakasi, kontena hilo hilo linanyanyuliwa na winchi kutoka melini, linawekwa juu ya behewa, na safari inaanza. Ushuru unalipwa Nairobi, ukaguzi unafanywa Nairobi, lori la mwisho linakodiwa Nairobi. Mombasa inabaki na moshi wa meli.

Reli mpya ya SGR ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017 kwa abiria, na mizigo ikaanza Januari 2018. Iligharimu takriban shilingi bilioni 327, sehemu kubwa ikiwa mkopo kutoka benki ya Exim ya China. Mkopo ni lazima ulipwe, na gari la moshi haliwezi kulipa likienda tupu. Kwa hiyo mikataba ya mwaka 2014 iliihakikishia reli kiasi fulani cha mizigo kutoka bandarini kila mwaka. Bohari ya Embakasi ikapanuliwa kutoka uwezo wa makontena 180,000 kwa mwaka hadi 450,000. Ukiyaweka haya mawili pamoja huhitaji mganga kukuambia yatakayofuata. Mwenye kujifunga kupeleka mizigo kwa reli atahakikisha mizigo inapanda reli, mwenye mzigo apende asipende.

Swali langu kwa waheshimiwa wetu halijawahi kuwa kwa nini reli ilijengwa. Reli ni jambo jema. Swali langu ni mlikuwa wapi 2014? Bunge lilikuwa na wabunge wa kaunti zote sita za Pwani. Kulikuwa na maseneta. Kulikuwa na magavana wa kwanza kabisa, wangali na harufu ya rangi mpya ofisini. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, inazipa kaunti uchukuzi wa ngazi ya kaunti pamoja na vivuko na bandari, ila usimamizi wa meli za kitaifa na kimataifa. Mtu anaweza kubishana mahakamani hadi alfajiri mpaka huo unapita wapi hasa. Lakini ubishi wenyewe ulipaswa kuanzishwa na waliochaguliwa, tena kabla wino haujakauka. Mwaka ule kelele nilizozisikia kutoka kwao zilikuwa za fidia ya ardhi: nani atalipwa Mazeras, nani kapunjwa Miritini, nani kajiandikishia shamba la marehemu. Mambo hayo yalikuwa ya haki kuulizwa, ila yalikuwa ya mahali reli inapita. Juu ya kile ambacho reli itakibeba na kuondoka nacho, kimya.

Mikataba yenyewe haikuwekwa hadharani hadi Novemba 2022, na hata hapo ni sehemu tu. Maana yake ni kwamba kwa miaka minane mbunge wa Pwani aliyetaka kutetea bandari alikuwa anatetea jambo ambalo karatasi zake hajaziona. Nimefanya kazi ya karatasi maisha yangu ya utu uzima. Kwetu, mtu akikwambia mzigo uko sawa lakini hati hawezi kukuonyesha, unafunga faili na kumwita bosi.

Agosti 2019 likatoka agizo la pamoja la wakuu wa bandari na wa ushuru: mizigo yote inayokwenda Nairobi na bara ipande SGR na ikalipiwe ushuru huko. Mji ukalipuka. Vijana wa Okoa Mombasa, mashirika ya haki za binadamu, wenye malori na wafanyakazi wa yadi waliingia barabarani, Jumatatu baada ya Jumatatu. Mabomu ya machozi tuliyavuta. Serikali ikasema agizo limesitishwa, nasi tukashangilia kama wajinga, maana mezani kwangu hati ziliendelea kuja na Embakasi yake. Mwenye mzigo ukimuuliza anakwambia ameshauriwa na wakala wa meli. Wakala wa meli anakwambia amechagua mteja. Katikati hapo hapana mtu wa kumshtaki. Juni 2020 hata mizigo ya Uganda, Rwanda na Sudan Kusini ikaamriwa ipitie Naivasha.

Na viongozi? Nataka kuwa mwadilifu kwao, kwa hiyo nitasema walipiga kelele. Kwenye matanga walisema, kwenye harusi walisema. Lakini tangu Machi 2018 kiongozi wa upinzani alikuwa ameshapeana mkono na rais, na wengi wa wakubwa wetu wa Pwani walikuwa wa chama chake. Ulimi wa mtu ambaye chama chake kinakula sahani moja na serikali una mwisho wake. Walikemea agizo asubuhi, jioni wakapiga picha na walioliandika.

Kuna jambo jingine ambalo mjini tunalisema kwa sauti ya chini. Baadhi ya vigogo wa siasa ya Pwani wana malori, wana yadi, wana hisa katika yadi za wengine. Hilo halina kosa la kisheria. Mfanyabiashara naye ana haki ya kugombea. Ila lilituua kwenye hoja. Kila mmoja wao aliposimama kumtetea taniboi, Nairobi ilijibu kwamba anatetea yadi yake, na sisi hatukuweza kuapa kwamba ni uongo. Kibarua anayelipwa kwa siku pale Changamwe akageuzwa kuwa ngao ya mtu ambaye hata jina lake halijui.

Mimi mwenyewe nilihamia Embakasi. Kampuni niliyoifanyia kazi ilipunguza watu, kisha ikafunga ofisi, na bosi, mtu mwema kabisa, akanipa barua nzuri na namba ya rafiki yake aliyeko bara. Tulipanga chumba mtaa wa Pipeline, watoto watatu wa Mombasa, kila mmoja na sweta lake la mtumba. Julai ya Nairobi ilitutandika. Wateja wangu wa zamani nilikutana nao huko, tayari wana mawakala wapya, vijana wa huko huko, wanaojua afisa gani anawahi na yupi anakuja saa nne. Siwalaumu hata kidogo. Wanafanya kazi niliyokuwa naifanya. Walinikaribisha chai.

Kesi ya kupinga agizo lile ndiyo iliyonirudishia moyo. Ilifunguliwa na wakaazi wa kawaida wa Mombasa, na wenye malori nao wakaja na yao. Miongoni mwa wakaazi hao hapakuwa na mbunge wala seneta. Tarehe 6 Novemba 2020 majaji watano wa Mahakama Kuu Mombasa waliamua kwamba agizo lilikiuka katiba, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa. Hukumu ile nimeisoma chumbani Pipeline kwenye simu, kurasa baada ya kurasa, nikirudia aya. Wakaipa serikali muda wa kurekebisha. Sasa hapo ndipo mwakilishi anapohitajika: kusimama bungeni na kusema, mahakama imeshanena, huu hapa mswada, mwenye mzigo achague mwenyewe mahali pa kuulipia ushuru, na imeandikwa. Tulingoja. Waheshimiwa walikuwa wameshaanza hesabu za 2022.

Ami yangu, aliyefanya kazi bandarini enzi za Reli na Bandari za Afrika Mashariki, alinicheka nilipomlalamikia. Akaniambia, "Wewe mwanangu unashangaa leo. Sisi majimbo tulipewa, tukanyang'anywa hivi hivi tukiangalia." Alikuwa anazungumzia katiba ya uhuru ya 1963, iliyoipa Pwani bunge lake la jimbo, Ronald Ngala akiwa rais wake. Novemba 1964 Ngala alikivunja chama chake cha KADU na kuvuka na wenzake kwenda upande wa serikali, na majimbo yakazikwa. Ami hakumchukia Ngala. Alisema mtu yule alibanwa, na kwamba waliombana wanajulikana. Lakini alisema pia kwamba tangu siku ile kiongozi wa Pwani amejifunza njia moja tu ya kuleta kitu nyumbani, nayo ni kuvuka. Nilibishana naye sana usiku ule. Nilimwambia sasa kuna kaunti, kuna magavana, kuna Seneti. Akanitazama akaomba kahawa.

Kisha ikaja tarehe 13 Septemba 2022. Rais mpya, William Ruto, akiapishwa pale Kasarani, alitangaza kwamba mchana ule ule angetoa maagizo shughuli za kutoa mizigo zirudi bandari ya Mombasa. Watu walipiga vigelegele, nami nilipiga. Nilifunga mizigo Pipeline nikarudi nyumbani. Ofisi ndogo niliyonayo sasa, na wasaidizi wake wawili, imetokana na tangazo lile, na sitakuwa mnafiki kulidharau.

Ila ona lilivyokuja. Lilikuwa ahadi ya kampeni, likatekelezwa kwa neno la mdomo siku ya sherehe. Tulichokidai kwa mabango, kwa machozi ya gesi na kwa hukumu ya majaji watano, kilitufikia kama tuzo. Viongozi wetu walipanda ndege kwenda kushukuru. Na kazi haikurudi yote. Reli ingalipo, deni lingalipo, mteja aliyezoea wakala wake wa Embakasi hana sababu ya kumwacha. Baadhi ya yadi zilizofungwa zimebaki hivyo, nyasi zimeota kwenye lami. Bado nakutana na hati zenye Embakasi kwenye kile kisanduku, na safari hii najua kukisoma kwanza. Mwaka 2023 ulipozuka mjadala wa kukodisha baadhi ya gati kwa wawekezaji, watu wa bandari waliuliza tena karatasi ziko wapi, na waheshimiwa wakatuambia tuwe na subira.

Katika mkutano mmoja wa mawakala nilisimama nikamuuliza mbunge wetu mmoja, kwa adabu, maana ni mkubwa wangu kwa umri.

"Mheshimiwa, agizo lililotutoa lilikuwa barua. Lililoturudisha nalo ni neno la rais. Mbona hatuna sheria?"

"Ndugu yangu, rais ni mtu wetu. Mlango uko wazi, tunaongea naye."

"Na akiondoka, mheshimiwa?"

"Tutaongea na atakayekuja," akasema, na mwenyekiti akampa kipaza sauti mtu mwingine.