Kwa Baisikeli Kutoka Temeke Hata Gezaulole

Labda nawe una ndugu Dar es Salaam, na labda mwaka huu utakwenda kumtazama. Utashukia stendi ya Mbezi, utapelekwa Kariakoo kununua vitenge, utasimama Feri kidogo kutazama bahari, kisha utarudi kwenu kuwasimulia watu juu ya magorofa na joto. Si vibaya. Lakini mji huu una upande wake mwingine, wenye minazi na mihogo na watu wanaoamkiana njiani, nao haufikiwi vizuri kwa motokaa. Hufikiwa kwa baisikeli.

Mimi ni karani wa parokia huku Temeke. Siku za kazi nakaa mezani na vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Jumamosi moja moja, nikipata nafasi, natoa baisikeli yangu nje. Ni ya mtumba, ya gia, yenye matairi mapana ya meno, namna ile ambayo Wazungu huipandia milimani. Siku nilipoileta nyumbani jirani zangu walicheka sana, wakaniuliza Temeke kuna mlima gani. Kweli hakuna. Mchanga upo, na tairi pana hupita juu ya mchanga ambamo tairi jembamba huzama mpaka kwenye rimu. Lakini usidhani ya kwako haifai. Hiyo hiyo unayobebea mkaa na magunia itakufikisha, ila mahali pengine utashuka na kusukuma.

Ondoka alfajiri. Hili si shauri la bure. Saa kumi na mbili barabara za Chang'ombe na Keko bado zina nafasi. Ikifika saa mbili, malori ya makontena yaendayo bandarini yamejipanga, daladala zinagombania abiria, na mwenye baisikeli hana mtu wa kumhesabu. Ukiona njia imekubana, shuka, simama pembeni, waache wapite. Mimi hushuka mara tatu au nne kabla sijafika Feri, wala sioni haya.

Pale Feri, karibu na soko la samaki, utakata tiketi na kuingia katika pantoni ya kwenda Kigamboni. Sukuma baisikeli yako, usiipande, maana utakuwa katikati ya watu wenye ndoo za samaki, akina mama wenye watoto mgongoni, na pikipiki zisizotaka kungoja. Safari yenyewe ni ya dakika chache tu. Pantoni ikisha kuondoka, geuka utazame nyuma: ule mnara mrefu unaochomoza katikati ya magorofa ni wa kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, lililoanza kujengwa mwaka 1897 na kumalizika mwaka 1902. Zamani mabaharia waliuona toka mbali. Siku hizi magorofa yameuzunguka, nawe yakupasa kuutafuta kwa macho.

Ng'ambo ya pili, karibu kabisa na kivuko, ndipo kilipofunguliwa Chuo cha Kivukoni mwaka 1961, ambacho sasa ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Ukikipita, shika barabara ya lami ya kwenda Mjimwema. Kigamboni hii hapo awali ilikuwa sehemu ya wilaya ya Temeke, na wazee wengi wa Temeke wana mashamba yao huku. Barabara ni tambarare, na upepo unatoka baharini. Ukienda wakati wa kusi, kama mwezi wa saba, upepo utakupinga kwenda na kukusukuma kurudi, na hivyo ndivyo inavyofaa, kwa sababu nguvu unazo asubuhi. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka, nawe utalipa deni lako jioni.

Kupita Mjimwema, mji huanza kukuachia. Nyumba zinapeana nafasi. Unaona mikorosho, kisha shamba la mihogo, kisha kibanda ambapo mama mmoja anakaanga samaki, naye atakuuzia na mhogo wa kuchoma. Jambo la kwanza utakaloliona ni kwamba watu wanakusalimu. Mwenye motokaa hasalimiwi, maana amekwisha kupita kabla mdomo haujafunguka. Mimi mpaka nifike Gezaulole huwa nimeitikia na kutoa shikamoo hata koo linakauka.

Jina hilo la Gezaulole ni la Kizaramo, maana yake "jaribu uone". Mwanzoni mwa miaka ya 1970 hapa palifanywa kijiji cha ujamaa, na watu wakaletwa kuja kulima. Lakini mahali penyewe ni pa zamani zaidi. Karibu yake ipo Mbwamaji, mji wa pwani uliokuwa na watu na biashara kabla Sultani Majid hajaanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Makaburi ya kale ya mawe na chokaa yapo hata leo, na bahari iko hatua chache tu. Ukiyafikia, egesha baisikeli mbali kidogo, uombe ruhusa kwa wenyeji, upite kwa adabu. Ni wazee wa watu wale.

Sasa nikuambie lililonipata safari ya mwisho. Kutoka barabarani kuna kijia ninachokipenda, kinachopita chini ya mikorosho, kando ya kisima, mpaka kinatokea pwani. Upana wake ni hatua tatu, na udongo wake umekanyagwa hata ukawa mgumu kama sakafu. Nilikuwa nikishuka kwa furaha, gia nyepesi, mara nikashika breki zote mbili. Mbele yangu ulikuwa ukuta wa matofali ya saruji, mrefu kuniliko, juu yake vipande vya chupa.

Mzee mmoja alikuwa amekaa kivulini akichambua mikeka yake ya ukindu. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umepotea?"

"Sikupotea, mzee. Naona njia ndiyo iliyopotea."

Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akaniambia kwamba shamba lile lilikuwa lake, naye ameliuza. "Niliuza shamba, mwanangu. Njia sikuuza. Ningeiuzaje, na baba yangu mwenyewe aliikuta?" Aliyenunua si mtu mbaya, akasema, ni mtu wa mjini, anaogopa wezi, akajenga kama wajengavyo wenzake. Tangu hapo akina mama huzunguka mbali kwenda kisimani, na watoto wa shule hupita barabara ya lami. Mwezi wa tatu mjukuu wake aligongwa na bodaboda, akavunjika mguu. Alikuwa amelala ndani wakati tulipokuwa tukizungumza.

Nikaomba kuiona karatasi ya mauziano. Mimi kazi yangu ni maandishi, nayo ilikuwa imeandikwa vizuri: jina la muuzaji, jina la mnunuzi, mashahidi, mipaka minne, kila upande na jirani yake. Njia haikutajwa hata kwa neno moja.

Nimesoma kwamba huko Uingereza, nchi ya vilima vidogo na vijiji vya mawe, mtu aweza kupita kwa baisikeli kati ya mashamba ya wenyewe siku nzima. Si kwa sababu wenye mashamba ya kule ni wakarimu kuliko Wazaramo. Sheria ya mwaka 1949 iliwaamuru wakuu wa majimbo yao wazichore njia za watu kwenye ramani, na ile ya mwaka 1968 ikaruhusu baisikeli katika njia za farasi, kwa sharti kwamba mpanda baisikeli awapishe waendao kwa miguu na wenye farasi. Ikisha chorwa, njia hubaki hata shamba likiuzwa mara kumi. Sisi nasi Sheria yetu ya Ardhi ya mwaka 1999 yaitambua haki ya kupita juu ya ardhi ya mwingine, lakini nani wa kuitetea ikiwa siku ya kuuza kila mtu anaiona, na hakuna anayeiandika?

Nilimweleza mzee hayo. Akanyamaza kitambo. Halafu akasema kwamba limebaki robo eka upande wa chini, ambapo ile njia ya kuzungukia inapita, na yuko mtu anayelitaka. "Wewe si karani? Niandikie."

Tukakaa chini ya mkorosho, nikaandika: Ndani ya eneo hili ipo njia ya watu ya kwenda kisimani na pwani, upana wake hatua tatu, nayo haiuzwi. Akanifanya nimsomee mara mbili. Akaikunja, akaiweka katika kofia, akasema ataitoa siku hiyo mbele ya mnunuzi na viongozi wa mtaa.

"Na asipokubali?" nikamwuliza.

"Atanunua kwingine. Mihogo yangu haina haraka."

Kwa kurudi sikwenda kivukoni, nilipita Daraja la Nyerere, lile lililofunguliwa mwaka 2016. Lina urefu wa mita 680, na ukiwa juu yake jua linapotua, unaiona bahari imeingia ndani kati ya mikoko, imetulia kama maji ya bakuli. Nilipofika Kurasini tairi la nyuma likaisha upepo. Fundi wa kando ya barabara akatoa mpira, akautia majini, akachomoa mwiba mrefu kama sindano. Akaniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia, akasema naye kwao ni huko huko, ila hajafika miaka mitatu sasa. Akataka kujua kama kile kijia cha kisimani bado kinapitika. Nikamwambia ashuke nacho mpaka kwenye ukuta mpya, kisha akate kulia, apite robo eka ya mzee.