Kungojea joka

Labda mutashangaa kukuta habari ya muchezo wa ordinateri katika kijitabu cha mila zetu. Muniruhusu. Kungojea hadithi ni mila vilevile, na mimi ni kati ya watu wenye kungojea. Muchezo ninaoungojea unaitwa The Elder Scrolls VI. Ulitangazwa kule Marekani katika mwezi wa 6 mwaka wa 2018, kwa filamu fupi isiyofika dakika moja: mawingu, milima, bahari kwa mbali, muziki, kisha jina. Basi, ni hayo tu. Hakuna mutu aliyeonekana, hakuna munyama. Tangu siku ile mpaka leo ninapoandika, muchezo wenyewe haujatoka.

Kwa wale wasioijua michezo hii, ninaeleza kwa ufupi. Kampuni ya Bethesda ilitoa wa kwanza mwaka wa 1994. Wa tatu, Morrowind, ulitoka 2002. Wa ine, Oblivion, 2006. Wa tano, Skyrim, tarehe 11 mwezi wa 11 mwaka wa 2011. Ukianza kucheza, unachagua wewe utakuwa nani: sura yako, kabila lako, ujuzi wako. Kisha unaachiliwa katika nchi nzima yenye mito, vijiji, mapango na masoko. Hakuna njia moja ya kufuata. Ule mulima unaouona mbali, ukitaka unaupanda. Mutu unayekutana naye njiani, unaweza kumusaidia, kumuibia ao kumupita kimya.

Skyrim ilifika huku kwetu kwa njia zake, kutoka ordinateri moja mpaka ingine, katika Kifaransa. Tuliicheza saa umeme ulipokuja, na mara nyingi ulikuja usiku wa manane. Mumoja anashika, watatu ao wane wanakaa nyuma yake na kutoa mashauri. “Usiingie mule!” “Rudia kwanza dawa!” “Acha huyu muzee aseme!” Mutu akipita inje angezani tunasikiliza hadithi kandokando ya moto, na hangekosea sana.

Kwa nini kazi imekawia hivi? Wenye kampuni walisema wazi kwamba watamaliza kwanza muchezo mwingine, Starfield, nao ulitoka katika mwezi wa 9 mwaka wa 2023. Katikati, Microsoft ilinunua kampuni mama yao kwa dola miliari 7,5. Mambo hayo yalimalizika mwaka wa 2021. Mwaka wa 2025 walitutolea tena Oblivion ya zamani, ikiwa imetengenezwa upya. Ilikuwa sawa na kupewa karanga wakati nyama ingali jikoni. Tulizikula, lakini macho yalibaki kwenye chungu.

Wadogo zangu wanalalamika: “Yaya, hii kungojea imepita kipimo!” Mimi ninawakumbusha wazee wa Walikale. Mwaka wa 1956, katika kijiji cha Bese, muzee mumoja wa Kinyanga, Candi Rureke, alisimulia na kuimba hadithi ya Mwindo tangu mwanzo mpaka mwisho, na maneno yake yakaandikwa. Daniel Biebuyck, mutu wa Ubelgiji, na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga wenyewe, walikitoa kitabu chake mwaka wa 1969. Rureke alisema kwamba mbele ya hapo hakuwa amewahi kuisimulia yote mufululizo. Kwa desturi yao, hadithi ilitolewa vipande vipande: leo kipande kimoja, siku ingine kipande kingine. Kwa hiyo watu waliishi na hadithi isiyokwisha, na katikati ya vipande waliendelea kuifikiri. Kungojea kulikuwa kazi ya musikilizaji.

Na hadithi yenyewe ni ya namna gani? Shemwindo, mwami wa Tubondo, alikataza wake zake saba wasizae mutoto mwanaume. Mwindo akazaliwa akitembea, akisema, na konga yake mukononi, ule mupini wenye mukia wa munyama. Baba yake alijaribu kumuua, akamuzika, akamufungia ndani ya ngoma na kumutupa mutoni. Mutoto alipona, akafika kwa shangazi yake Iyangura, kisha akamufuata baba yake mpaka inchi ya chini ya udongo. Kule alicheza muchezo wa mbegu na Sheburungu, akapoteza mali yake yote, akaweka konga, na kwa konga akashinda. Wenye kupenda Skyrim watatambua yote haya: safari, pango, kifaa chenye nguvu, neno lenye nguvu, na bahati ya muchezo.

Lakini kuna fasi moja ambapo hadithi hizi mbili zinaachana, na pale ndipo tumaini langu linakaa.

Katika Skyrim, wewe ni muuaji wa majoka. Ukiua joka, nafsi yake inaingia ndani yako na nguvu yako inaongezeka. Unaokota mifupa na magamba, unauza, unaenda. Hakuna anayekuuliza neno. Kinyume chake, ukiua kuku wa mutu kijijini, wenyeji wanatoka na silaha kukufuata! Tulicheka sana siku tulipoona hivyo. Kuku ana mwenyewe, joka halina mwenyewe.

Kwa Mwindo, joka lina mwenyewe. Kirimu, ule munyama wa vichwa saba, alimeza watu wa Mwindo waliotumwa kuwinda. Mwindo akaenda, akamuua, na watu wakatoka wazima. Kwa macho yetu amefanya vizuri. Lakini Kirimu alikuwa amekula kiapo cha damu na Nkuba, Radi. Nkuba akasikia harufu ya rafiki yake juu ya moto, akashuka, akamuchukua Mwindo mpaka mbinguni. Kule alikaa mwaka muzima akipigwa na mvua, akiunguzwa na jua, akifunzwa adabu. Alikatazwa asiue munyama tena. Aliporudi, alikuwa mwami wa kweli, mwenye kuwapa watu wake sheria za kuishi vizuri.

Munione: shujaa anapata heshima yake nyuma ya kuulizwa hesabu, hata kwa kuua kulikokuwa na sababu.

Waliotengeneza Skyrim waliligusa swali hili mara moja. Juu ya mulima mukubwa anaishi Paarthurnax, joka muzee aliyeacha ubaya wake wa zamani na sasa anafundisha. Watu fulani wanakuomba umuue, na ukikataa wanakunyima musaada. Siku ile umeme ungeweza kukatika hata mara tano, mabishano hayangekatika. Mumoja alisema: “Zambi ya zamani ni zambi.” Mwingine: “Amesha kubadilika, mumuache.” Ni usiku wenye ninakumbuka kupita vita vyote vya muchezo ule.

Basi, katika muchezo mupya sitafuti kwanza inchi kubwa zaidi, wala picha nzuri zaidi. Ninangojea dunia inayokumbuka. Nikiua, awepo mwenye kulia. Nikivunja kiapo, harufu ifike kwa mwenye kiapo. Pengine watafanya hivyo, pengine hapana. Lakini kwetu sisi jambo hili si la muchezo tu. Walikale, nyumbani kwa Mwindo, iliingia katika vita mwaka wa 1993, na tangu pale silaha zimenyamaza na kurudi mara nyingi. Watoto wetu wameona watu wenye kuua wakipanda cheo, sawa vile kwenye muchezo: nguvu inaongezeka, hakuna anayeuliza. Mutoto mwenye kujua Nkuba anajua kwamba kuna fasi ingine ambapo hesabu inaulizwa. Mutoto asiyemujua, atalijifunza hilo wapi?

Vita vilitawanya vijiji, na jioni za hadithi zikatawanyika pamoja navyo. Vijana wetu wanajua majina ya majoka ya Skyrim moja moja. Siwalaumu, mimi mwenyewe ninayajua. Lakini wakati huu wa kungojea tumepewa bure, na tunaweza kuujaza. Kitabu cha Mwindo kipo. Wazee wenye kukumbuka wangali wapo, ijapo wanapunguka. Hata vijana wetu wenye kujifunza ufundi wa ordinateri wangeweza siku moja kutengeneza Tubondo yenyewe, na Nkuba juu yake.

Kwa sasa, mudogo wangu akiniuliza tena, “Yaya, utatoka siku gani?”, ninamujibu kwamba hawajasema bado. Akae chini kwanza, nimuambie ginsi Mwindo alivyoweka konga yake mbele ya Sheburungu.